Miaka Saba ya Kungojea Kipande

Mwanao amemaliza kidato cha nne, amefaulu, na jina lake limo katika orodha ya watakaojiunga na chuo kikuu. Unampa nauli aende nyumbani Migori kuchukua kitambulisho, kwa maana bila hicho hakuna mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, hakuna akaunti ya benki, wala laini ya simu kwa jina lake mwenyewe. Baada ya siku tatu anarudi, fomu iko mfukoni vile vile, uso umemsawijika. Anakuuliza swali moja tu: "Mama, kwani wewe ni wa wapi?"

Kwa mama wengi walioolewa kutoka ng'ambo ya mpaka, swali hilo ndilo la kwanza la aina yake katika maisha ya ndoa ya miaka ishirini. Mahari ililipwa, ng'ombe wakahesabiwa, watoto wakazaliwa, shamba likalimwa. Chifu anamjua. Kanisani ni mwenyekiti wa akina mama. Hakuna aliyewahi kumwomba karatasi yoyote hadi siku kijana alipotakiwa kupeleka nakala ya vitambulisho vya wazazi wake.

Ukisafiri kutoka mji wa Migori kuelekea kusini, msomaji, utafika Isebania. Ukivuka hatua chache uko Sirare, nchini Tanzania. Mgeni asiyeona bendera na maafisa wa forodha angedhani ni mji mmoja wenye majina mawili. Wakuria wako Kehancha na Ntimaru upande wa Kenya, na wako Tarime na Serengeti upande wa Tanzania. Wajaluo wa Muhuru na Karungu wana shangazi zao Shirati na kwingineko Rorya. Mama mjamzito wa Muhuru akishikwa na uchungu usiku, haoni ajabu kupelekwa katika hospitali ya Shirati iliyoanzishwa na Wamenonaiti, kwa kuwa huko ndiko karibu.

Mpaka huo haukuchorwa na Mkuria wala Mjaluo. Waingereza na Wajerumani waliafikiana huko Ulaya mwaka 1886. Walianzia pwani kwenye mdomo wa mto Umba, wakauzungusha mstari kwenye mlima Kilimanjaro, kisha wakaunyoosha hadi mahali ambapo digrii moja kusini mwa ikweta inakutana na ufuo wa mashariki wa Ziwa Victoria. Mwaka 1890 wakauendeleza kukata ziwa lenyewe. Watu waliendelea kuoana kama zamani. Ng'ombe wa mahari hawajapata kuulizwa pasipoti.

Mtoto kwanza

Tuanze na kijana, kwa sababu yake ni rahisi kuliko wengi wanavyodhani. Ibara ya 14 ya Katiba iliyoanza kutumika tarehe 27 Agosti 2010 inasema kwamba mtu ni raia wa Kenya kwa kuzaliwa ikiwa siku aliyozaliwa baba yake au mama yake alikuwa raia, awe alizaliwa Kenya au nje yake. Kwa hiyo kijana ambaye baba yake ni Mkuria wa Kehancha ni Mkenya, hata kama mama ni wa Tarime na hata kama alizaliwa Shirati. Haombi kufanywa Mkenya. Anachotakiwa ni kuthibitisha kwamba ni Mkenya.

Haikuwa hivyo daima. Chini ya Katiba ya zamani, mtoto aliyezaliwa nje ya nchi alipata uraia kwa baba peke yake. Binti wa Migori aliyeolewa Musoma na kujifungulia huko hakuweza kumpa mwanawe uraia wa Kenya. Katiba ya 2010 ilifuta ubaguzi huo, tena ikaufuta kwa kurudi nyuma: waliozaliwa kabla ya tarehe hiyo nao wanahesabiwa, maadamu mama au baba ni raia au alikuwa raia. Ukimjua mtu wa miaka thelathini na kitu aliyezaliwa ng'ambo na mama Mkenya, kisha akaambiwa zamani kwamba yeye ni mgeni, mkumbushe aulize upya.

Taabu iko katika ushahidi. Cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha baba au cheti chake cha kifo, barua ya chifu, hati za shule. Baba akiwa hai, mambo hunyooka. Baba akiwa amekufa na kitambulisho chake kimepotea na sanduku, kijana hutegemea ami zake, na ami hupenda kukumbuka ugomvi wa shamba siku kama hiyo. Tafuta karatasi hizo mapema, mtoto angali darasani, kabla ya msiba haujawatawanya watu.

Mama naye?

Hapa ndipo penye ngazi, na ngazi hupandwa kipandio kwa kipandio. Mgeni aliyeolewa au aliyeoa Mkenya huanza kwa kuishi nchini kihalali kwa kibali cha kumtegemea mwenzake. Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya mwaka 2011 inasema kwamba ndoa ikitimiza miaka mitatu anaweza kuomba ukaazi wa kudumu. Ikitimiza miaka saba, Ibara ya 15 ya Katiba inampa haki ya kuomba kusajiliwa kuwa raia. Haki hiyo ni ya mume mgeni na mke mgeni sawasawa. Zamani ilikuwa ya mke tu, na mwanamume Mtanzania aliyeoa Homa Bay alibaki mgeni hadi kaburini.

Lakini ndoa gani? Sheria inataka ndoa inayotambuliwa Kenya, isiyofungwa kwa ajili ya kutafuta uraia, na wenye ndoa wawe wanaishi pamoja wakati wa kuomba. Mwombaji asiwe amewahi kuhukumiwa kifungo cha miaka mitatu au zaidi. Basi mama wa Kehancha husema, "Ndoa yangu ukoo mzima waijua." Ni kweli, wanaijua. Afisa aliyeketi Nyumba ya Nyayo jijini Nairobi haijui, na ng'ombe walioliwa miaka ishirini iliyopita hawawezi kupigwa muhuri.

Ndiyo sababu Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 inawagusa sana watu wa mpakani. Inaitambua ndoa ya kimila sawa na ya kanisani au ya kiserikali, lakini inataka isajiliwe: wenyewe wamjulishe msajili katika muda wa miezi mitatu baada ya kukamilisha taratibu za mila. Usajili wa ndoa hizo ulianza mwaka 2017. Wazee walioshuhudia mahari wakiwa bado hai, ni wakati wa kwenda. Wakishazikwa, utabaki ukieleza wewe peke yako.

Nitaje jambo moja ambalo wengi hulikwepa. Wakuria wana ndoa iitwayo nyumba ntobhu, ambapo mwanamke asiye na mtoto wa kiume humwoa mwanamke mwenzake ili azae watoto wa nyumba hiyo, na mara nyingi binti huyo hutoka upande wa pili wa mpaka. Mila inamheshimu. Katiba yetu inaitambua ndoa ya mwanamume na mwanamke pekee. Binti wa namna hiyo hawezi kuomba uraia kwa ndoa, na mwanawe atakuwa raia kwa kuzaliwa ikiwa tu baba mzazi ni Mkenya na amekubali kutajwa kwenye karatasi. Baba wa namna hiyo mara nyingi hataki kutajwa. Wanaoandaa mahari ya aina hiyo wafikirie jambo hili kabla ya kumvusha msichana mto.

Na kifo? Wajane huogopa kwamba mume akifa safari imeisha. Sheria ya 2011 inawakumbuka wajane na wagane, na kifo peke yake hakimfungii mlango yule ambaye miaka yake saba ilikuwa ikihesabika. Ana njia ya kuomba kwa masharti yaliyowekwa. Na aliyekwisha kupata uraia hapokonywi kwa sababu ya talaka. Ibara ya 13 inasema waziwazi kwamba uraia haupotei kwa kuoa, kuolewa, wala kwa ndoa kuvunjika.

Kipande cha mkato

Ninajua mnayosema huko nyuma: kwa nini taabu yote hii, wakati kuna mzee fulani atakayekubali kumwita mama huyu binti yake, akajazwa fomu kama mzaliwa wa hapa, akapata kipande kwa wiki chache? Njia hiyo ipo, na ni njia ya panya kama zile za kupitishia sukari.

Tazama inakokupeleka. Aliyejiandikisha kama mzaliwa wa Kenya kwa baba wa kuazima hawezi tena kuomba uraia kwa ndoa, kwa kuwa kwenye vitabu tayari ni Mkenya. Jina la baba yake halisi limefutika, na urithi wake wa Tarime umefutika nalo. Siku kijana wake akiitwa kuhojiwa, jina la babu mzaa mama litaulizwa, na nusu ya kijiji italitaja lile la kweli. Kutoa maelezo ya uongo ili kupata hati za uraia ni kosa la jinai. Hata aliyesajiliwa rasmi anaweza kufutiwa uraia chini ya Ibara ya 17 ikigunduliwa kwamba aliupata kwa ulaghai. Mtu huyu alikuwa na haki ya mlango wa mbele, akaingilia dirishani.

Mwenye ukaazi wa kudumu ana nini, na hana nini? Anaishi na kufanya kazi bila kuhuisha kibali kila mara. Hapigi kura. Hana pasipoti ya Kenya wala kitambulisho cha raia. Ana cheti cha mgeni, ambacho kila mgeni anayekaa zaidi ya siku 90 anatakiwa kujiandikishia. Anabaki na pasipoti ya kwao na hana budi kuitunza isipitwe na wakati. Tena ni hadhi inayoweza kuondolewa. Wengi huridhika nayo wakaketi. Mimi naona ni vyema kuihesabu kama kituo cha njiani, hasa kwa ajili ya ardhi.

Kwa mujibu wa Ibara ya 65, asiye raia hawezi kumiliki ardhi ya Kenya ila kwa ukodishaji usiozidi miaka 99. Kuhusu shamba la kilimo, bodi za udhibiti wa ardhi haziruhusiwi kuidhinisha lihamishiwe kwa mgeni. Sasa mfikirie mjane wa Migori ambaye ameipalilia tumbaku na mahindi ya shamba hilo tangu ujana wake. Shemeji zake wakimjia na maneno, swali la kwanza mbele ya mzee wa kijiji halitakuwa amelima miaka mingapi. Litakuwa: huyu ni raia?

Upande wa pili wa mizani upo pia, na ni haki uelezwe. Tanzania haimruhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Binti wa Tarime akila kiapo cha utiifu kwa Kenya, Utanzania wake umekoma, na sheria za ardhi za huko nazo zina ukali wake kwa wageni. Mtoto anaweza kuwa na uraia wa nchi zote mbili mpaka atimize miaka 18, ndipo Tanzania humtaka achague. Ikiwa una shamba la mama yako huko au kaka zako wanakutegemea, zungumzeni nyumbani kwanza. Nimesikia wanawake wakisema afadhali wabaki na ukaazi wa kudumu, na siwezi kuwaita wajinga.

Asiyeoana na mtu

Kuna wavuvi wa Mbita na Muhuru, wachimba dhahabu wa Macalder, mafundi na walimu. Hawa nao wana njia, ndefu zaidi. Aliyekuwa na vibali vya kazi kwa miaka saba, na akaishi nchini mfululizo miaka mitatu ya mwisho, anaweza kuomba ukaazi wa kudumu. Na aliyeishi kihalali mfululizo kwa miaka saba anaweza kuomba uraia, akiwa na uwezo wa kuzungumza Kiswahili au lugha mojawapo ya hapa. Sharti hilo la mwisho huwachekesha watu wa Tarime, ambao Kiswahili chao kinaweza kumfundisha afisa mwenyewe.

Neno zito ni "kihalali". Miaka haihesabiwi kwa idadi ya usiku uliolala Kenya. Inahesabiwa kwa mihuri. Kibali kilichokwisha Machi kikahuishwa Septemba kimeacha shimo la miezi sita, na shimo hilo huonekana siku ya maombi. Watu wengi walipotoshwa na furaha ya Novemba 2017, Rais Uhuru Kenyatta alipotangaza siku ya kuapishwa kwake kwamba raia wa Afrika Mashariki wangeweza kuishi, kufanya kazi, kumiliki mali na hata kuoa hapa kwa kutumia kitambulisho tu. Ilikuwa hotuba nzuri. Hotuba haikubadilisha masharti ya ukaazi wala yale ya Ibara ya 65.

Huenda ukauliza, mbona Wamakonde, Washona na Wapemba walipewa uraia bila haya yote? Wamakonde walitembea kutoka Kwale hadi Nairobi mwezi Oktoba 2016, wakapata vitambulisho mwaka uliofuata. Washona walipata mwaka 2021, na Wapemba mwaka 2023. Hao walikuwa watu wasio na nchi yoyote iliyowatambua, na sheria ina fungu la watu kama hao. Mtanzania ana nchi. Fungu hilo halimhusu.

Homa Bay na watoto wa Marekani

Homa Bay wanalijua jambo hili kutoka upande mwingine, na si tangu jana. Nenda Kendu Bay utazame maduka ya zamani ya Wahindi. Kenya ilipopata uhuru tarehe 12 Desemba 1963, wale ambao hawakuwa raia moja kwa moja walipewa miaka miwili kujiandikisha. Wengi walisitasita, wakashika pasipoti za Uingereza. Mwaka 1967 zikaja sheria za uhamiaji na leseni za biashara, na Machi 1968 Uingereza nayo ikawafungia mlango kwa sheria iliyopitishwa bungeni kwa siku chache tu. Kulikuwa na familia zilizojikuta hazina pa kuuza sukari wala pa kushukia.

Leo mwenye kusitasita ni kijana wetu aliyeko Marekani na kadi ya kijani. Baba amefariki Rachuonyo, kijana amekuja kuzika. Mazishi yanafuatwa na kesi ya shamba, kesi inafuatwa na ujenzi wa nyumba ya mama, na kabla hajajua amemaliza miezi saba. Mwambieni, nyinyi mlio nyumbani: akikaa nje zaidi ya miezi sita, huko Marekani huchukuliwa kwamba amekatiza ukaazi wake wa mfululizo, na ni juu yake kuthibitisha kwamba kazi, nyumba na familia yake vilibaki kule. Akipitisha mwaka mmoja bila kibali cha kurudi, kadi peke yake haimrudishi. Kibali hicho huombwa akiwa angali kule, kabla ya kupanda ndege, si baada ya matanga.

Ili aombe uraia huhitaji miaka mitano ya ukaazi, na katika hiyo awe amekuwepo nchini humo kimwili angalau miezi 30. Aliyeoana na raia na kuishi naye huhitaji miaka mitatu. Alipe kodi kama mkaazi, na kamwe asipige kura kabla ya kuapishwa, hata akisukumwa na marafiki, kwa kuwa kura moja inaweza kumfukuzisha. Waliopeleka maombi tangu tarehe 20 Oktoba 2025 wanaulizwa maswali 20 ya uraia kutoka katika orodha ya maswali 128, na lazima wapate 12.

Wazee hudhani kwamba akiapa kule amepotea kwetu. Ilikuwa kweli hadi Agosti 2010. Tangu hapo, Mkenya wa kuzaliwa hapotezi uraia kwa kuchukua wa nchi nyingine, ila anatakiwa kuijulisha serikali katika muda wa miezi mitatu. Asipofanya hivyo anaweza kutozwa faini ya hadi shilingi milioni tano, au kifungo cha hadi miaka mitatu, au vyote viwili. Aliyeapa kabla ya 2010 hakurudishiwa uraia wake wenyewe tu. Ana haki ya kuurejesha, lakini lazima aombe. Wapo wanaojenga ghorofa kando ya ziwa na hawajaomba. Kwenye vitabu ni wageni, na ardhi yao haiwezi kuzidi ukodishaji wa miaka 99. Na mwenye ndoto ya kuwania kiti afahamu kwamba Ibara ya 78 hairuhusu afisa wa dola kuwa na uraia wa nchi mbili.

Maombi ya Kenya sasa hupitia mtandao wa Idara ya Uhamiaji, na vituo vya Huduma vya Migori na Homa Bay vinaweza kukuelekeza uanzie wapi. Weka nakala mbili za kila kitu, moja iwe mjini na moja kijijini. Ada huwa zinabadilika. Uliza kabla ya kulipa, na ulipe serikalini, si kwa mtu aliyesimama langoni.

Mama wa Kehancha akifika mwisho wa ngazi ataapa, atapewa cheti, na kijana wake atajaza sehemu ya mama kwenye fomu bila kuacha nafasi. Kisha siku moja simu italia kutoka Tarime kwamba bibi wa kule hayupo tena. Atafunga leso, atapanda matatu hadi Isebania, na hapo mpakani, kwa mara ya kwanza maishani, akienda kumzika mama yake mzazi, atapigiwa muhuri wa mgeni.